Tarehe 14 mwezi wa pili: historia ya wamama wa Kivu waliocheza barabarani

Swali hili limeulizwa sana Bukavu, na Luhwindja pia: mwanamke aliyebakwa, au mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, kucheza ngoma kunamsaidia nini? Kuna wanaouliza kwa dharau. Kuna wanaouliza kwa uchungu, kwa sababu wamefiwa, wamekimbia, na hawaoni kwa nini watu wacheze wakati machozi hayajakauka. Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu linaonekana vizuri zaidi mtu akifuata historia ya wanawake wa Kivu ya Kusini tangu kabla ya vita.

Karamuni ndiyo, barazani hapana

Katika Bushi ngoma iko katika kila tukio: arusi, mavuno, sikukuu ya mwami, hata kumaliza kilio. Mwanamke anacheza mbele ya watu wote na hakuna anayemuuliza ruhusa. Lakini kwenye baraza, pale wanapokata maneno ya mashamba, mahari na urithi, mara nyingi hakuwa na kiti. Alikaribishwa kucheza, hakukaribishwa kusema.

Hata hivyo, wanawake wa jimbo hili hawakungoja mashirika ya ng'ambo yaje kuwafundisha kuingia barabarani. Mwaka 1982, zama za Mobutu na chama kimoja, wanawake wa Buloho katika wilaya ya Kalehe walichoka na kodi walizotozwa kila walipopeleka mihogo sokoni. Mama alibeba mzigo mgongoni, na kila kizuizi kilimkata kidogo, hata akifika sokoni faida imeisha njiani. Wakakusanyika, wakatembea pamoja hadi ofisi ya utawala kudai haki yao. Walikuwa wakulima wa vijijini, wengi wao hawakusoma. Walichokuwa nacho ni wingi wao, na miguu iliyozoea kutembea mbali.

Vita vilivyonyamazisha watu

Miaka kumi na sita baadaye, mwezi wa nane 1998, vita vya pili vilianza. Wilaya ya Mwenga, ambamo Luhwindja imo, ililipa bei kubwa. Tarehe 24 mwezi huo raia waliuawa kwa wingi Kilungutwe, Kalama na Kasika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama ripoti Mapping, inataja zaidi ya watu 1,000, na mwami wa Lwindi alikuwa kati yao. Mwezi wa kumi na moja 1999, hapo Mwenga, wanawake waliteswa kisha wakazikwa wakiwa hai. Wazee wa Mwenga hawahitaji ripoti kulikumbuka jambo hilo.

Katika vita hivyo ubakaji ulitumiwa kama silaha. Bunduki inamwua mtu mmoja, lakini mwanamke akibakwa mbele ya mume na watoto, nyumba nzima inavunjika. Mume anaondoka kwa aibu, watoto wanachekwa, majirani wanageuza uso. Mwenye kosa anatembea kichwa juu, na aliyekosewa ndiye anajificha. Hapo ndipo fundo la habari hii yote lilipo: aibu ilibebeshwa mtu asiyestahili. Na watu wa kale walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Mwaka huo huo wa 1999 daktari Denis Mukwege alianza kazi katika hospitali ya Panzi, kusini mwa mji wa Bukavu. Alitaka kusaidia wazazi wanaojifungua, lakini mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Wengi walifika wakiwa na fistula, mkojo ukiwatoka bila kujizuia. Kijijini hakuna aliyetaka kukaa nao kwenye benchi moja la kanisa.

Sauti ilianza kutoka kupitia redio. Mwaka 2003 wanawake waandishi wa habari wa Bukavu, pamoja na Chouchou Namegabe, waliunda AFEM, shirika la wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini. Walienda vijijini na vinasa sauti, wakawaacha wanawake waeleze wenyewe yaliyowapata. Mama aliyekuwa shambani na redio yake ndogo akasikia kwamba si yeye peke yake. Kisha sheria ikafuata: tarehe 20 mwezi wa saba 2006 Kongo ilipata sheria mbili mpya juu ya ubakaji. Zinadai uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Zinakataza pia kosa hilo kumalizwa kwa faini ya kupatana.

Kutoka maandamano hadi ngoma

Tarehe 17 mwezi wa kumi 2010, Bukavu iliona jambo ambalo haikuwahi kuona. Matembezi ya dunia ya wanawake, yaliyokuwa yamezunguka nchi nyingi mwaka huo, yalifungwa hapo. Wajumbe walikuja kutoka nchi zaidi ya 40, na habari za siku hiyo zilihesabu karibu wanawake 20,000 barabarani. Vitenge, vitambaa vya kichwa, watoto mgongoni, nyimbo za Mashi, Kilega, Kifuliiru na Kiswahili. Katika siku hizo ujumbe ulifika pia Mwenga, kuwakumbuka wale waliozikwa hai. Kwa familia zao ilikuwa heshima iliyochelewa miaka kumi na moja.

Miezi michache baadaye, tarehe 4 mwezi wa pili 2011, City of Joy, yaani Mji wa Furaha, ilifunguliwa huko huko Bukavu chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver. Waliouanzisha pamoja naye ni daktari Mukwege na mwandishi wa Marekani Eve Ensler, ambaye sasa anajiita V. Kituo kinapokea hadi wanawake 90 kwa miezi sita. Wanajifunza kusoma na kuandika, kulima, kujikinga, kujua haki zao. Na wanacheza.

Kucheza hapo hakukuwekwa kwa ajili ya wageni wenye kamera. Mwanamke aliyefanyiwa ukatili mara nyingi anauchukia mwili wake mwenyewe. Anatembea ameinama, hataki kuguswa, akisikia kishindo anaruka. Maneno peke yake hayafiki mahali maumivu yalipojificha. Lakini ngoma ikipigwa, na wenzake wakiwa pembeni, mguu unaanza kidogo kidogo, kisha bega, kisha kichwa kinainuka. Yule aliyefukuzwa kwenye benchi kwa sababu ya harufu, sasa amepasuliwa na kupona, anashikwa mkono katikati ya duara. Anayejua maisha ya kijijini anaelewa uzito wa jambo hilo: amerudishwa kati ya watu.

Mwezi wa kwanza na wa pili, 2013

Tarehe 25 mwezi wa kumi 2012, watu wenye silaha walivamia nyumba ya daktari Mukwege, Bukavu. Mlinzi wake aliuawa, na daktari akakimbilia Ulaya na familia yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi hawakukubali. Wakauza matunda na mazao yao, wakachanga pesa za tiketi ya ndege ili arudi. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 2013 alitua Kavumu, na watu wakajipanga kando ya barabara ya karibu kilomita 30 hadi mjini, wakiimba na kucheza. Mama anayepata riziki kwa kuuza mananasi alikuwa amemlipia tiketi daktari anayejulikana dunia nzima.

Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 14 mwezi wa pili 2013, ilifika siku ya One Billion Rising, yaani bilioni moja wanainuka. Hesabu hiyo ilitoka katika takwimu ya Umoja wa Mataifa kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu atapigwa au kubakwa katika maisha yake. Duniani hiyo inakuwa zaidi ya wanawake bilioni moja. Mwito ulikuwa mmoja: tokeni nje, mcheze mahali pa wazi, kila mtu awaone. Kulikuwa na wimbo wa Kiingereza, Break the Chain, maana yake vunja mnyororo, na mchezo wake ambao kidole kimoja kinainuliwa juu. Siku hiyo Eve Ensler mwenyewe hakukaa New York, alikuwa Bukavu na wanawake wa Kongo.

Wako waliolaumu. Walisema ni sikukuu ya wapendanao ya Wazungu iliyovalishwa kitenge, na kwamba wabakaji hawaogopi ngoma. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ngoma haimkamati mtu, haifungui jalada la mahakama, hairudishi shamba. Ikiishia kwenye picha na fulana za bure, imepotea bure. Lakini wanaolaumu husahau kuangalia nani alikuwa akicheza na nani alikuwa akitazama. Wanawake waliofundishwa kujificha walisimama katikati ya barabara mchana, na wapita njia, polisi na wanaume wa mtaa wakawa mashahidi. Siku hiyo aibu ilianza kuhama upande.

Tangu hapo hatua nyingine zilionekana, kila moja kwa jasho la watu wengi. Tarehe 1 mwezi wa nane 2015 ilitoka sheria ya haki za mwanamke na usawa. Mwaka 2016 kanuni ya familia ilirekebishwa, na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afungue biashara au apeleke kesi. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliketi Kavumu kwenyewe. Iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo, kwa ubakaji wa watoto wa kike wa hapo. Mwaka 2018 daktari Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Irak.

Na Luhwindja?

Luhwindja imewahi kuongozwa na mwanamke. Baada ya kifo cha mwami Philémon Naluhwindja mwaka 2000, mwamikazi alishika usultani kwa niaba ya mtoto wake. Kwa hiyo neno la kwamba desturi haimjui mwanamke kiongozi halina mizizi hapa.

Lakini dhahabu ya Twangiza imeonyesha upande mwingine. Kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu mwaka 2011, na familia zilizokaa kwenye mgodi zilihamishwa, nyingine hadi Cinjira, juu kwenye baridi. Nyumba inapohamishwa, mara nyingi jina linaloandikwa kwenye karatasi ni la mwanaume, na mjane au mke wa pili anabaki bila pa kusemea. Machimboni mwanamke anatwanga mawe na kubeba mizigo, lakini shimo lina mwenyewe, naye ni mwanaume. Na nyumbani binti bado anaambiwa hana shamba kwa baba yake, ingawa kanuni ya familia tangu 1987 inahesabu watoto wote kuwa warithi, wa kike na wa kiume.

Hapo ndipo ngoma ina kazi. Mkutano wa sheria huko kijijini huja na watu wachache, lakini ngoma ikilia, watoto wanakimbia, wanaume wanaacha kasiksi, wazee wanatoka nje. Neno likisemwa wakati huo, linasikiwa na wale wasiokuja kwenye semina. Na mwanaume asibaki mtazamaji tu. Aingie duarani, kisha arudi nyumbani akaandike jina la mke na la binti kwenye karatasi ya shamba.

Siku yenye historia mbili

Tarehe 14 mwezi wa pili 2025, siku ile ile ya ngoma, uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa na wapiganaji wa AFC/M23. Tarehe 16 walikuwa katikati ya Bukavu. Barabara ambayo miaka kumi na miwili nyuma watu walicheza kumpokea daktari, safari hii ilijaa familia zenye magodoro kichwani. Tangu hapo tarehe hiyo ina uchungu ndani yake, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mkimbizi acheze.

Lakini ulinzi wa mwanamke haungoji amani. Mtu kwenye shule au kanisa walimolala wakimbizi, msichana anayeenda kuchota maji jioni, mama anayepita kizuizi na mzigo wake, hao wako hatarini leo. Panapowezekana kukusanyika salama, hata wamama kumi uani, wimbo mmoja unatosha kupitisha habari hizi. Aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72, yaani siku tatu, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi na mimba. Zikipita siku tatu, aende vilevile, kuna matibabu mengine. Asifue nguo alizokuwa nazo, azitunze kwa ushahidi. Familia isikubali mbuzi wala ng'ombe, wala kumwoza msichana kwa aliyembaka, maana sheria ya 2006 haitambui kumaliza kosa hilo hivyo. Na asifukuzwe nyumbani, kwa sababu kosa si lake.

Anayesoma haya awaeleze na wale wasio na simu.