Mick Jagger: Nyota tano, wanunuzi haba

Mwimbaji mkongwe wa roki, Mick Jagger wa bendi ya Rolling Stones iliyoasisiwa jijini London mwaka wa 1962, alitoa albamu yake ya nne bila wenzake, Goddess in the Doorway, mnamo Novemba 2001 akiwa na umri wa miaka 58. Aliwashirikisha wanamuziki wenye majina makubwa, wakiwemo Bono, Pete Townshend, Lenny Kravitz na Wyclef Jean.

Jarida la Rolling Stone la Marekani liliitunuku albamu hiyo nyota tano, alama ya juu kabisa. Hata hivyo, mhakiki alikuwa mwasisi wa jarida lenyewe, Jann Wenner, rafiki wa Jagger wa miaka mingi. Na sifa za rafiki, hata zikiwa za dhati, humwachia msomaji shaka. Katika chati za mauzo, albamu haikupita nafasi ya 39 Marekani wala ya 44 Uingereza.

Jagger aliporejea na wenzake mwaka wa 2005, albamu yao A Bigger Bang ilifika nafasi ya tatu Marekani na ya pili Uingereza. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.