Maganda ya Mayai kama Nyaraka

Mwishoni mwa miaka ya 1950, vipanga waliojenga viota katika vijisitu vya mashambani Uingereza walipungua mno. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe alionyesha kwamba maganda ya mayai ya kozi na vipanga yalianza kuwa mepesi ghafla karibu na 1947, DDT ilipokuwa ikienea mashambani. Alijuaje? Alipima mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji, watu waliopora viota kwa starehe na kuandika tarehe kwa fahari yao. Sisi tumezoeshwa barua na ripoti za serikali, ambazo mara nyingi humpendeza aliyeziagiza. Ganda halimpendezi mtu. Na uporaji huo ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1954.