Hoja Batili Zilizokosa Jina

Katika karne ya 13 walimu wa mantiki wa Ulaya, miongoni mwao William of Sherwood na Petrus Hispanus, waliwafundisha wanafunzi wao kuhifadhi majina ya ajabu: Barbara, Celarent, Darii, Ferio, na mengine hadi 19. Kila jina lilibeba umbo moja la hoja halali. Irabu zake tatu za kwanza zilitaja aina ya kauli: a kwa “wote ni”, e kwa “hakuna aliye”, i kwa “baadhi ni”, o kwa “baadhi si”. Barbara basi ni hoja ya “wote” tatu: binadamu wote hufa, wafalme wote ni binadamu, kwa hiyo wafalme wote hufa. Mwaka 1534, yaani 941 Hijria, Abd al-Rahman al-Akhdari, mwanachuoni wa karibu na Biskra katika Algeria ya leo, alitunga as-Sullam, utungo wa kufundishia mantiki kwa beti. Naye aliorodhesha maumbo yanayozaa hitimisho: manne, manne, sita, matano. Jumla yake ni 19 vilevile. Maumbo mengine yote aliyamaliza kwa maneno machache tu: hayazai. Aliyesoma elimu yoyote kwa kuhifadhi beti anaelewa kwa nini ilikuwa hivyo, kwa sababu kinachohifadhiwa ni kile kinachofaa kutumika. Hata hivyo, naamini desturi hii iliyodumu karne nyingi ilitukuza nusu ya urithi wa Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyeanzisha elimu hii, na kuiacha gizani nusu nyingine, ambayo ndiyo yenye faida zaidi kwa mtu wa kawaida: namna ya kuikataa hoja batili na kumwonyesha mwenzako kwa nini umeikataa.

Tutazame kwanza ukubwa wa hiyo nusu iliyoachwa. Hoja ya aina hii ina kauli mbili za mwanzo na hitimisho moja. Istilahi ya kati huziunganisha kauli hizo mbili, kisha haionekani katika hitimisho. Aina za kauli ni nne, kwa hiyo kuna mipangilio 64 ya kauli tatu. Na kwa kuwa istilahi ya kati inaweza kukaa kwa namna nne, maumbo yote ni 256. Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1666 kuhusu sanaa ya kuunganisha, alihesabu maumbo halali 24, kwa kujumlisha na yale ambayo hitimisho lake linasema “baadhi” ingawa lingeweza kusema “wote” au “hakuna”. Yaliyobaki ni 232, na hakuna hata moja lililopewa jina katika orodha ile ya Kilatini.

Aristotle mwenyewe, katika karne ya nne kabla ya Kristo, hakuwa na upendeleo huo. Katika kitabu chake kinachojulikana kwa Kilatini kama Analytica Priora alithibitisha maumbo halali 14 katika mafungu matatu ya nafasi za istilahi ya kati, lakini papo hapo alipita kwenye jozi za kauli zisizozaa kitu na kuzikataa kwa hoja. Njia yake inastaajabisha kwa wepesi wake. Chukua kauli “wote walio B ni A” na “hakuna C aliye B”. Je, tunaweza kusema lolote kuhusu C kuwa A au kutokuwa A? Aristotle anatoa istilahi tatu: mnyama, binadamu, farasi. Binadamu wote ni wanyama, hakuna farasi aliye binadamu, na farasi wote ni wanyama. Kisha anamwondoa farasi na kuweka jiwe. Binadamu wote ni wanyama, hakuna jiwe lililo binadamu, na hakuna jiwe lililo mnyama. Kauli za mwanzo zina umbo lile lile na mara zote mbili ni za kweli, lakini ukweli wa mwisho umegeuka kutoka “wote” hadi “hakuna”. Jozi hiyo basi haiwezi kulazimisha hitimisho lolote lenye C kama kiima na A kama kiarifu. Maneno manne yametosha kuufunga mjadala, na asiyejua kanuni hata moja ya mantiki anauona ushahidi kwa macho yake.

Atakayetetea desturi ya orodha atasema walimu wa zamani hawakuziacha hoja batili, kwani waliweka kanuni: kauli mbili za kukanusha hazizai, kauli mbili za “baadhi” hazizai, istilahi ya kati lazima ienee yote angalau mara moja. Ni kweli, na kanuni hizo ni sahihi. Lakini kanuni hutamka hukumu bila kuonyesha kosa. Fikiria hoja hii: wezi wote hutembea usiku, walinzi wote hutembea usiku, basi walinzi wote ni wezi. Kwa umbo hili watu wasio na hatia hushukiwa, na wengine wamepigwa mitaani. Ukimwambia mwenye kushuku kwamba istilahi yake ya kati haikuenea, hujamsogeza hata hatua moja. Mwambie badala yake: mbuzi wote wana miguu minne, paka wote wana miguu minne, basi paka wote ni mbuzi. Umbo ni lile lile, na uongo wake hauhitaji mwalimu.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Jan Łukasiewicz wa Poland. Kazi yake ya mwanzo juu ya somo hili iliteketea Warsaw mwaka 1939, naye akaiandika upya akiwa Dublin. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Alikubali kwamba njia ya Aristotle ni sahihi, lakini akalalamika kwamba inaingiza ndani ya mantiki vitu visivyo vya mantiki, kama binadamu na mnyama. Tiba yake ndiyo inayonishawishi kwamba Aristotle alikuwa amegusa jambo kubwa. Łukasiewicz hakuufuta ukataaji. Aliupandisha cheo, akaweka misingi ya kukataa kando ya misingi ya kuthibitisha, na kutokana na misingi miwili ya kukataa akayaondoa maumbo yote batili kwa kanuni. Jerzy Słupecki, Mpoland mwenzake, akaongeza kanuni nyingine iliyokamilisha kazi hiyo. Wanafunzi walikuwa wamehifadhi majina ya hoja halali kwa karne kadhaa kabla hoja batili hazijapata nadharia yao kamili.

Iko pia hatari ambayo orodha haikuweza kuigundua yenyewe. Umbo liitwalo Darapti lilikaa kwa heshima kati ya yale 19: wote walio B ni A, wote walio B ni C, basi baadhi ya C ni A. Sasa lipime kwa njia ile ile ya kukataa. Farasi wote wenye mbawa ni farasi. Farasi wote wenye mbawa wana mbawa. Basi baadhi ya wenye mbawa ni farasi. Farasi wa namna hiyo hayupo duniani. Kama kauli ya “wote” haidai kwamba vitu inavyovitaja vipo, na ndivyo wanamantiki wengi walivyokuja kuisoma baada ya George Boole katika karne ya 19, basi kauli mbili za mwanzo hazina kosa na hitimisho ni la uongo. Kwa usomaji huo maumbo manne kati ya 19 yanaanguka, na kati ya yale 24 yanaanguka tisa, yakibaki 15. Mtetezi wa Aristotle ana haki ya kujibu kwamba mwalimu wake alizungumzia vitu vilivyopo, na kwa sharti hilo Darapti inasimama. Nakubali. Lakini sharti lenyewe lilifichuka kwa sababu mtu alijaribu kukataa; mwenye kuhifadhi jina la Darapti hakuwa na sababu ya kuliuliza swali hilo.

Ushahidi wa mwisho ni wa Christine Ladd. Katika mkusanyo uliotolewa na wanamantiki wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1883, alionyesha kwamba maumbo yote halali yanaweza kupimwa kwa jaribio moja: chukua kauli mbili za mwanzo, ongeza kanusho la hitimisho, kisha uangalie kama kauli hizo tatu zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja. Zikishindikana, hoja ni halali. Zikiwezekana, ni batili. Hapo halali na batili zinapimwa kwa swali moja, nalo ni swali la kukataa. Ladd alikuwa ametimiza masharti ya shahada ya udaktari mwaka 1882, lakini chuo kilimnyima kwa kuwa ni mwanamke. Alikabidhiwa shahada hiyo mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 78.

Walimu wanaofundisha mantiki kwa Kiswahili leo hawafungwi na majina ya Kilatini wala hesabu ya 19. Kila wanapoandika ubaoni umbo moja halali, waandike kando yake umbo batili linalofanana nalo, na wamwachie mwanafunzi kazi ya kutafuta istilahi tatu za kuliangusha.