Kigeu kisichogeuzwa

Mtu aliye Chechelesi, Isiolo, akimtumia nduguye wa Moyale pesa kwa simu, huandika vitu vitatu: namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri. Ujumbe unaorudi una mambo mengi kuliko hayo. Una msimbo wa muamala, tarehe, saa, ada iliyokatwa na salio lililobaki. Hakuna hata kimoja alichokiandika yeye, na akitaka kukiandika hana pa kukiandikia. Tena kabla pesa hazijaenda, huduma ya M-Pesa iitwayo Hakikisha humwonyesha jina la mwenye namba ile, apate kusitisha kama amekosea. Salio na saa huja vyenyewe, bila kuulizwa kwa kitu chochote. Jina haliji mpaka utoe namba. Ukitoa namba nyingine, unapata jina lingine. Tofauti hizi mbili, ya kilichoandikwa na mtu dhidi ya kilicholetwa na mfumo, na ya kinachokuja chenyewe dhidi ya kinachojibu ulichokipa, kila mwenye simu anazijua kwa vidole vyake. Ndizo zinazotatiza istilahi ninayotaka kuijadili hapa, ya vigeu na vitendakazi ambavyo lugha ya amri za kompyuta kuu humpa mwandishi kabla hajaandika neno lake la kwanza.

Kompyuta kuu, ambazo wenye fani huziita meinfremu, ni zile mashine kubwa za kuhudumia watumiaji wengi kwa pamoja, na IBM ndiyo iliyozipa sura tunayoijua leo. Mtumiaji huzungumza nayo kupitia TSO, mfumo uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili watu wengi wagawane muda wa mashine moja kwa vipande vidogo kiasi kwamba kila mmoja hujiona yuko nayo peke yake. Amri za TSO zikipangwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mfuatano, faili hiyo huitwa CLIST, jina ambalo ukilifungua halina zaidi ya “orodha ya amri”. Ndani ya orodha hiyo, kila kitu chenye thamani inayoweza kubadilika hutanguliwa na alama ya &. Mwandishi anaweza kutunga &MJI na kukitia neno ISIOLO. Lakini anakuta pia &SYSUID, kinachobeba jina la mtumiaji aliyeingia; &SYSTIME, kinachobeba saa; &LASTCC, kinachobeba msimbo wa matokeo ya hatua iliyotangulia; na &LENGTH, kinachohesabu herufi. Vyote vimevaa & ileile. Kwa macho tu, mgeni hawezi kujua kipi ni chake, kipi ni cha mfumo, kipi anaweza kukigusa na kipi hawezi. Ndiyo maana istilahi ina kazi kubwa hapa kuliko mahali ambapo maandishi yenyewe yanajieleza.

Tuanze na kundi lililo rahisi. &LENGTH(CHECHELESI) hutoa 10. &SUBSTR(1:3,CHECHELESI) hutoa CHE. &SYSINDEX(LE,CHECHELESI) hutoa 7, kwa sababu LE inaanzia kwenye herufi ya saba. Kila kimoja hupokea kitu katika mabano na kurudisha jibu, kama Hakikisha inavyopokea namba na kurudisha jina. Wengi wakitafuta neno la haraka huviita “kazi”. Sikubaliani nao, na sababu yangu haitoki katika ladha ya lugha. Kwenye kompyuta kuu neno “kazi” limeshachukuliwa: kazi ni ule mzigo mzima unaokabidhiwa mashine, wenye jina lake, foleni yake na lugha yake ya kuuelekeza, JCL. Mwalimu akisema “kazi imeshindwa”, mwanafunzi lazima ajue kama ni mzigo mzima uliokwama usiku au ni &SUBSTR iliyopewa namba mbaya. “Kitendakazi” ni kirefu kidogo, lakini kinaonyesha kilipo: ki- ya kifaa, tenda, kisha kazi. Mzigo ni kazi. Kifaa kinachotenda sehemu ya mzigo ni kitendakazi. Anayependa “fanksheni” simkatazi, ila fanksheni haimwambii chochote asiyekwisha kuijua.

Kitendakazi si mabano tu. Kuna jambo moja la CLIST linalowanasa wengi, nalo linaonyesha kuwa kitu hiki kina akili yake kabla ya kujibu. &LENGTH(2+3) haitoi 3, ingawa macho yanaona herufi tatu. Inatoa 1, kwa kuwa mfumo hujumlisha kwanza, ukapata 5, kisha ukahesabu urefu wa 5. Ukitaka urefu wa maandishi yenyewe unaandika &LENGTH(&STR(2+3)), na hapo &STR inazuia hesabu isifanyike. Kwa hiyo kitendakazi &STR sifa yake kuu ni kuzuia. Neno linalosema “kinachotenda” linabeba na hilo. Kuzuia nako ni kutenda.

Gumu zaidi ni lile neno la sifa, la kueleza kwamba kitu hiki hakikutungwa na mwandishi bali alikikuta. Njia ya mkato ni kusema “kilichojengewa ndani”. Msikilizaji wa Kiswahili atauliza mara moja: ndani ya nini? Na swali hilo lina uzito wa kiufundi. Chukua SYSDSN, kinachopewa jina la faili na kujibu kama faili ipo: OK ikiwapo, na vinginevyo ujumbe wa kueleza tatizo, kama vile kwamba haikupatikana. Katika CLIST, SYSDSN ni miongoni mwa vitendakazi vya lugha yenyewe. Katika REXX, lugha ambayo Mike Cowlishaw wa IBM alianza kuiunda mwaka 1979 na ambayo baadaye ilifika TSO na kuchukua sehemu kubwa ya nafasi ya CLIST, SYSDSN hiyohiyo huhesabiwa kuwa ya nje. Haimo katika REXX. REXX inaiazima kutoka TSO. Ukihamisha skripti yako ya REXX kwenye mashine nyingine isiyo na TSO, LENGTH na SUBSTR utaenda nazo, SYSDSN utaiacha. Kitu kimoja, jina moja, mashine moja, na bado ni cha ndani huku na cha nje kule.

Kwa sababu hiyo napendekeza “asilia”: kitendakazi asilia, kigeu asilia. Asilia haitaji mahali kitu kilipo, inataja kilikotoka. Katika mji kama Isiolo, ambako Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu wanakutana sokoni na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, hakuna anayesikia neno asilia bila kuuliza asilia ya wapi. Hilo ndilo swali ambalo mtumiaji wa SYSDSN anapaswa kujiuliza. SYSDSN ni asilia ya CLIST na ni ya kuazimwa katika REXX. Sentensi hiyo ni sahihi na haina mkanganyiko. Ijaribu kwa “ndani” na utaona inavyokwama.

Sasa vigeu. Neno “kigeu” tumelizoea katika hisabati, na kwa &MJI linafaa kabisa: ni chombo ambacho mwandishi anakitia thamani na kuigeuza akitaka. Je, linafaa kwa &SYSUID? Hicho hakigeuki wakati wote mtumiaji yumo, wala mwandishi hawezi kukigeuza. Skripti ikijaribu kukitia jina jingine, mfumo unakataa. &SYSTIME kinageuka kila sekunde, lakini hakigeuzwi. &LASTCC hugeuka kila hatua inapokwisha, hata hatua ndogo za CLIST yenyewe, na ndiyo sababu anayekihitaji hukihifadhi papo hapo katika kigeu chake kabla hakijafutwa na hatua inayofuata; mwenzake &MAXCC hukumbuka msimbo mkubwa kuliko wote uliokwisha kutokea. Upande wa pili kuna &SYSPROMPT, ambacho mwandishi huweka ON au OFF kuamua kama amri zimwulize mtumiaji maswali, na &SYSOUTTRAP, anachokipa idadi ya mistari ya matokeo anayotaka ikamatwe isiende kwenye skrini. Hivi vinageuzwa, na vikigeuzwa mfumo wenyewe hubadili mwenendo.

Vitabu vya IBM huviita vyote kwa jina moja, kisha hutegemea majedwali kueleza kipi kinaruhusu kubadilishwa. Kiswahili hakina haja ya kuungoja msaada wa jedwali, maana kitenzi chetu tayari kinatenganisha geuka na geuzwa. Kusema “kinageuka lakini hakigeuzwi” ni kueleza &SYSTIME kikamilifu kwa maneno matatu ambayo mtoto wa shule anayaelewa. Kuviita vyote vigeu ni kuutupa utajiri huo. Rai yangu ni kuvigawa: kile kinachosomwa tu, kinachotoa habari kutoka kwa mfumo, tukiite kijulishi, kile ambacho mwandishi anaweza kukitia thamani kibaki kigeu asilia. &SYSUID na &SYSTIME ni vijulishi. &SYSPROMPT na &SYSOUTTRAP ni vigeu asilia. Katika ujumbe wa simu, salio ni kijulishi. Hakuna mtu Chechelesi anayedhani salio ni kitu cha kuandikwa na mtumaji.

Pingamizi la kwanza nalitarajia kutoka kwa mwanafani: REXX imeshaufuta mpaka huu, kwa nini tuuchore upya? Ni kweli kwamba katika REXX vigeu vya pekee ni vitatu tu, RC, RESULT na SIGL, na vilivyokuwa vijulishi vya CLIST sasa huulizwa kwa kitendakazi: SYSVAR('SYSUID') badala ya &SYSUID. Lakini tazama kilichotokea kwa lile kundi jingine. &SYSPROMPT kimekuwa PROMPT('ON'), &SYSOUTTRAP kimekuwa OUTTRAP. Yaani mpaka haukufutwa. Vya kusoma vimekusanywa katika SYSVAR, kwa sehemu kubwa. Vya kugeuza vimepewa kila kimoja mlango wake. Walioiingiza REXX katika TSO walikuta mpaka uleule, wakauchora kwa umbo la lugha. Sisi tunauchora kwa istilahi. Tena jambo hili halikuishia kwenye kompyuta kuu. Katika bash, ganda la amri ambalo mwanafunzi yeyote mwenye Linux analo, UID inasomwa tu na PS1 inageuzwa apendavyo, ilhali zote huitwa vigeu.

La pili ni zito zaidi: maneno haya yote yataandikwa na kusomwa na nani, ikiwa &SYSUID itabaki &SYSUID? Historia inaonekana kumuunga mkono mwenye pingamizi. Tanzania, iliyokuwa imebeba mzigo mkubwa wa kusanifisha istilahi za Kiswahili, ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, miaka ileile ambayo lugha za amri zilikuwa zinakomaa. Kiswahili kilipokuja kuingia katika kompyuta kwa nguvu, kama ilivyokuwa mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, kilianzia kwenye menyu na vitufe vya kuandikia barua na hesabu. Lugha ya amri ikaachwa kwa Kiingereza. Lakini jina la amri si istilahi. Mkulima haiti mbolea kwa fomula iliyoandikwa kwenye gunia, na anajua vizuri ipi ya kupandia na ipi ya kukuzia. Anayefundisha, anayeeleza kosa kwa mwenzake, anayeandika maelezo ya zamu ya usiku, hafikirii kwa &; anafikiri kwa sentensi. Asipokuwa na neno la kutenga kinachosomwa na kinachogeuzwa, atapoteza saa nzima akijaribu kukitia thamani kitu kisichokubali.

Kuna pingamizi dogo ambalo halijanitoka: TIME() ya REXX ni kitendakazi kwa umbo, ina mabano, ila mabano matupu. Haipewi kitu. Je, si kijulishi kilichovaa nguo za kitendakazi? Ningesema ndiyo kama ingekubali mabano matupu peke yake. Lakini TIME na DATE hupokea herufi ya kuchagua sura ya jibu, na uchaguzi huo si urembo. &SYSDATE ya CLIST haichagui; huandika mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka, kama Wamarekani. Ripoti ikitoka na 03/04/26, msomaji wa Isiolo ataisoma tarehe 3 Aprili, na mashine ilimaanisha Machi 4. Kijulishi huja na desturi ya aliyekiunda. &SYSTIME nayo itaandika 09:00:00 na msomaji huyohuyo aiite saa tatu, ila hapo hakuna hasara, maana wote wawili wanajua wanazungumzia asubuhi ile. Kwenye tarehe hasara ipo: malipo yanaweza kuhesabiwa mwezi mzima baada ya wakati wake. CLIST humpa mwandishi njia ya pembeni, &SYSSDATE, inayoanza na mwaka. REXX inamruhusu aseme anachotaka: DATE('S') kwa tarakimu nane zisizogombaniwa, mwaka, mwezi, siku, DATE('U') kwa desturi ya Marekani, na akitaka ile aliyofundishwa shuleni, siku ikitangulia mwezi, lazima aandike DATE('E'), herufi ya Ulaya.