Kutoka Mtama hadi Miwa: Sukari, Ubongo na Bonde la Kilosa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita bonde la Mto Mkondoa, nchi ya Wasagara. Watu waliishi kwa mtama na mahindi, na mvua ikikosa, njaa iliingia. Kwa mwili wa binadamu hilo halikuwa jipya. Tangu zama za kale, hatari yake kubwa ilikuwa sukari kupungua katika damu, kwani ubongo hutegemea glukosi kuliko kiungo kingine chochote.

Ukoloni ulileta ujira. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, ilipita Kilosa, na mashamba ya mkonge yakaenea hadi Kimamba. Huko Ulaya, mwaka 1942, Marcel Janbon wa Montpellier aliwapa wagonjwa wa homa ya matumbo dawa ya jamii ya salfa, akaona sukari yao ikishuka vibaya. Mwaka 1953, mtaalamu wa lishe Jean Mayer alitoa hoja kwamba ubongo wenyewe hupima glukosi, na kwa kipimo hicho huamua njaa na shibe.

Uhuru ulikuja pamoja na miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza uzalishaji mwaka 1962, na katika muongo huo reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi ikafika Kidatu. Mwaka 1976 kiwanda cha pili kilijengwa Ruhembe, kusini mwa Mikumi.

Ndipo hoja ya Mayer ilipopata ushahidi wa ndani ya seli. Mwaka 1983, Akinori Noma wa Japani aligundua katika seli za moyo milango midogo ya potasiamu inayofungwa na ATP, molekuli ya nishati ambayo seli huitengeneza kutokana na chakula. Mwaka uliofuata, milango hiyo ilionekana katika kongosho. Mwaka 1990, ilionekana katika seli zinazohisi glukosi za haipothalamasi, sehemu ya ubongo. Glukosi ikiongezeka, ATP huongezeka, mlango hufungwa, na seli hutoa ishara ya umeme. Glukosi ikipungua, mlango hufunguka na seli hunyamaza. Katika kongosho, ishara hiyo ndiyo huachilia insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu.

Mlango huo haujabadilika. Kilichobadilika ni maisha yanayouzunguka. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya asilimia 1 katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya Mkoa wa Morogoro. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa takriban asilimia 9 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa tafiti hizo hazikufanana kwa njia wala kwa umri wa waliopimwa, mwelekeo ni wazi.

Glibenklamaidi, dawa ya kisukari iliyotokana na ugunduzi wa Montpellier, hufunga mlango wa kongosho hata mgonjwa asipokula. Kwa hiyo anayeimeza, awe Kilosa mjini au Mikumi, asiruke mlo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari mara moja. Akizimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe kituo cha afya.