Bastola ya Mfukoni na Sheria Iliyopima Chuma

Kwa karibu miaka mia na hamsini Marekani imetunga sheria baada ya sheria dhidi ya bastola ndogo, ile inayofichika mfukoni au ndani ya koti. Bastola hiyo bado ipo, tena leo ina nguvu kuliko ile ya zamani. Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba Wamarekani wanapenda silaha, basi hakuna sheria ambayo ingewaweza. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini bastola ilibadilika umbo, bei na mahali pa kuundwa kila sheria ilipobadilika. Historia inaonyesha jambo jingine: sheria nyingi zilipima urefu wa silaha, bei yake au ilikotoka, zikamwacha bila kukaguliwa mtu anayeishika. Watengenezaji walisoma vipimo hivyo kwa makini kuliko polisi, wakaunda bastola ya kuvipita.

Katikati ya karne ya 19 Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, aliipatia umaarufu bastola ya risasi moja iliyoenea kiganjani. Mafundi wengine waliiiga kiasi kwamba aliwafuata mahakamani huko California. Usiku wa Aprili 14, 1865, John Wilkes Booth aliingia na bastola ya aina hiyo katika ukumbi wa Ford's jijini Washington na kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln, aliyefariki asubuhi yake. Miaka arobaini baadaye John Browning, mzaliwa wa Utah, alibuni kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji bastola ya milimita 6.35 inayojipakia yenyewe, yenye risasi sita na urefu wa sentimita 11 hivi. Kampuni ya Colt ilianza kuuza toleo lake mwaka 1908. Kwa asiyemudu hiyo zilikuwepo rivolva za bei nafuu, mfano zile za kiwanda cha Iver Johnson cha Massachusetts. Moja yao ndiyo iliyotumiwa kumuua Rais William McKinley mwaka 1901.

Sheria za mwanzo dhidi ya silaha hizi hazikuwa na nia safi. Mwaka 1879 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile za jeshi la nchi kavu na la majini, na Arkansas ikafuata mwaka 1881. Kwa maneno, sheria hizo ziliwahusu watu wote. Kwa vitendo, bastola za kijeshi zilikuwa kubwa na ghali, na wazungu wengi waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa nazo tayari. Aliyefungiwa mlango ni maskini, na katika Kusini ya miaka ile maskini huyo mara nyingi alikuwa Mweusi aliyetoka utumwani, akiishi kwa hofu ya wazungu wenye silaha. Kwa hiyo tangu siku za kwanza kipimo cha chuma kilikuwa pia kipimo cha mfuko.

Mfano ulio wazi zaidi ni sheria ya taifa ya mwaka 1968. Ilipitishwa baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa, na ilizuia kuingizwa nchini kwa bastola zisizofaa kwa michezo. Maofisa waliweka vipimo vya urefu, kimo na uzito. Bastola ndogo ya Browning kutoka Ubelgiji ikazuiwa. Walther PPK ya Ujerumani ilikosa kimo kwa sehemu ndogo ya inchi. Kiwanda kikachukua mwili mrefu kidogo wa bastola ya PP, kikaupachika sehemu ya juu ya PPK, na silaha ikaingia Marekani kwa jina la PPK/S. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba rivolva iliyomuua Kennedy ilitengenezwa Marekani kwenyewe, tena na Iver Johnson wale wale. Sheria iliyochochewa na kifo chake haikuigusa.

Ndani ya nchi nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa upesi. Mwaka 1970 George Jennings alianzisha kiwanda cha Raven kusini mwa California na kuunda bastola ya milimita 6.35 kwa zinki, madini ya bei rahisi. Ndugu na jamaa zake walifungua viwanda vingine kuzunguka Los Angeles. Nao Röhm wa Ujerumani walitambua kwamba sheria ilizuia bastola nzima, si vipuri, wakaanza kuunganisha rivolva zao Miami. Moja ya hizo, iliyonunuliwa katika duka la rehani Dallas, ndiyo iliyomjeruhi Rais Ronald Reagan Machi 30, 1981.

Mtu anaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba Maryland ilifanikiwa kwa kukagua chuma. Kweli, mwaka 1988 jimbo hilo liliunda bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, na watafiti walikuja kuona kwamba mauaji ya risasi yalikuwa machache kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Lakini watafiti hao hao waliona pia kwamba watu walikimbilia kununua kabla marufuku ya bastola zisizoorodheshwa haijaanza. Tena bodi ile ilipima kila aina kwa ubora na usalama wake mwaka hadi mwaka. Haikuweka kipimo kimoja na kwenda kulala. Mfano wa Maryland unaonyesha faida ya ukaguzi usiokoma, hauitetei rula.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumkagua mtu kunafungua mlango wa ubaguzi. Sheria ya New York ya mwaka 1911 iliwapa maofisa uhuru wa kuamua nani abebe bastola, na Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa sehemu ya uhuru huo mwaka 2022. Martin Luther King mwenyewe aliomba kibali huko Alabama mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu, akanyimwa. Kosa hapo ni hiari ya ofisa isiyo na masharti ya wazi wala njia ya kukata rufaa. Sheria iliyopewa jina la James Brady, aliyejeruhiwa pamoja na Reagan, ilichukua njia bora mwaka 1993: mnunuzi anakaguliwa kwa vigezo vilivyoandikwa, vilivyo sawa kwa wote.

Mwaka uliofuata, hata hivyo, Bunge lilirudia mazoea ya zamani na kupiga marufuku utengenezaji wa magazini mpya za zaidi ya risasi 10 kwa raia. Watengenezaji waliona hakuna haja ya mwili mkubwa kwa risasi chache, na mwaka 1995 kampuni ya Glock ilileta bastola fupi ya milimita 9 yenye risasi 10. Marufuku ilikwisha mwaka 2004, ila bastola hiyo inauzwa hadi leo. Nchi yoyote inayotaka kudhibiti silaha za mfukoni na ianze kwa kumjua mwenye silaha kwa haki, ndipo ipime chuma chake.