Kutoka Taipei mpaka Shanghai

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Asia ukutani. Nanyi wanafunzi, tafuteni miji miwili. Wa kwanza ni Shanghai, bandari kubwa katika pwani ya China. Wa pili ni Taipei, makao ya serikali ya kisiwa cha Taiwan, upande wa kusini. Umbali wa miji hiyo kwa njia ya angani ni kilomita 680 hivi, karibu sawa na Nairobi mpaka Dar es Salaam. Ndege huumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu au pungufu. Lakini kwa miaka mingi safari hiyo ilikula karibu siku nzima, na leo tutaeleza sababu yake.

Mwaka 1949 chama cha Kikomunisti cha Mao Zedong kilishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe katika China, na serikali ya Chiang Kai-shek ikahamia Taipei. Watu zaidi ya milioni moja, askari na raia, walivuka bahari siku zile. Wengi walidhani watarudi upesi. Wengine hata hawakufika: tarehe 27 Januari 1949 meli iitwayo Taiping, iliyotoka Shanghai, iligongana na meli nyingine usiku, ikazama na watu zaidi ya 1,000.

Baadaye njia ikafungwa kabisa. Hapakuwa na ndege, meli wala barua ya moja kwa moja. Mume alikuwa Taipei, mke Shanghai, na aliyetaka kujua kama mwenzake yu hai alipitisha barua Hong Kong, au kwa ndugu aliyeko Marekani.

Mwezi wa Novemba 1987 serikali ya Taiwan iliwaruhusu watu kwenda kuwaona jamaa zao. Hesabuni wenyewe: ilikuwa imepita miaka 38. Kijana aliyeondoka na miaka 20 alirudi mzee wa miaka 58, na wengi walionyeshwa makaburi ya wazazi wao.

Hata hivyo, ndege zilikuwa bado zimekatazwa kwenda moja kwa moja. Msafiri aliruka kilomita 800 mpaka Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza hadi 1997, akangoja ndege nyingine, kisha akaruka kilomita 1,250 kurudi kaskazini. Fikirini mzee na mizigo yake ya zawadi!

Kufungua njia kulikwenda polepole mno. Mwaka 2003, kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, ndege za Taiwan ziliruhusiwa kwenda Shanghai, ila zitue kwanza Hong Kong. Mwaka 2005 hazikulazimika kutua, lakini zilipaswa kupita katika anga ya Hong Kong, kana kwamba anga nayo ina lango! Mwezi wa Julai 2008 zikaanza safari za kila mwisho wa juma, bado kwa mzunguko ule ule. Tarehe 15 Desemba 2008 ndipo ndege ziliponyosha njia, na mwendo wa angani ukawa kama dakika 80. Siku hiyo hiyo meli na barua nazo zilianza kwenda moja kwa moja.

Kazi ya darasa: jumlisheni mwendo wa kupitia Hong Kong, mtoe kilomita 680, mwandike jibu katika madaftari. Mwalimu atasahihisha.